Kondoo wa Cumbria na neno "sisi"

Swali: Nimeingia shahada ya uzamili ya sosholojia nikitokea kwenye uhandisi wa kompyuta. Msimamizi wangu amenipa kazi za mwanasosholojia mmoja ambaye wasifu wake unasema anatafiti "ukosmopolitani, diskosi na teknolojia". Maneno nayajua moja moja, ila yakikaa pamoja sioni yanakoelekea. Je, ni mambo matatu au ni moja? Kuna chochote hapo ambacho mtu wa kompyuta anaweza kukishika na kukipima, au ni maneno makubwa tu? Na mwisho: intaneti imetufanya raia wa dunia, au bado?

Ndugu yangu, umeuliza maswali matatu, nami nitaanza kwa kondoo.

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Aprili 1986, kinu namba nne cha kituo cha nyuklia cha Chernobyl, Ukraine, kililipuka. Ukraine wakati huo ilikuwa ndani ya Muungano wa Kisovieti, na Moscow ilinyamaza. Asubuhi ya tarehe 28, mfanyakazi wa kituo cha nyuklia cha Forsmark, Sweden, alipita kwenye mashine ya kupimia mionzi, mashine ikalia. Viatu vyake ndivyo vilivyokuwa na mionzi. Wenyeji walidhani kinu chao wenyewe kinavuja. Walipokikagua wakakikuta kizima, wakageukia mwelekeo wa upepo, na upepo ukawapeleka kusini-mashariki. Jioni ya siku ile ndipo televisheni ya Kisovieti ilipotoa taarifa fupi.

Wingu liliendelea na safari. Mwanzoni mwa Mei lilifika Uingereza, mvua ikalishusha juu ya vilima vya Cumbria na kaskazini mwa Wales, mahali pa wafugaji wa kondoo. Tarehe 20 Juni serikali ikapiga marufuku kuwahamisha na kuwachinja kondoo wa maeneo yale, kwa muda wa wiki tatu. Wiki tatu zikaisha, marufuku haikuisha. Mashamba ya mwisho yalifunguliwa mwaka 2012.

Wiki tatu ziligeukaje miaka 26? Wanasayansi wa serikali walikuwa na hesabu yao: sesiamu, yaani dutu yenye mionzi iliyoletwa na wingu lile, ikianguka ardhini hushikwa na udongo, mmea hauipati tena, kondoo akila majani mapya mwili wake unajisafisha. Kwa udongo wa mfinyanzi, ambao ndio uliokuwa umepimwa, hesabu ilikuwa sahihi. Lakini vilima vya Cumbria vina udongo mweusi wenye tindikali, uliojaa mabaki ya mimea, na humo sesiamu haishikwi. Inapanda kwenye jani, kondoo anakula, inarudi ardhini kwa kinyesi, inapanda tena.

Mwanasosholojia Brian Wynne wa Chuo Kikuu cha Lancaster alizungumza na wafugaji wale, akachapisha aliyoyakuta mwaka 1992. Wafugaji walishauriwa wawalishe kondoo mabua makavu. Wakashangaa, maana kondoo wa mlimani hawatazami mabua, seuze kuyala. Likawekwa jaribio la kunyunyiza madini ya bentonaiti, ili yaishike sesiamu, kwenye viwanja vidogo na kuwafungia kondoo humo. Wafugaji wakasema: kondoo aliyezoea mlima wazi ukimfungia anakonda, na kipimo chako kitaharibika. Hawakusikilizwa, na jaribio likaja kuachwa kimyakimya. Zaidi ya hayo, jirani yao kulikuwa na kituo cha nyuklia cha Sellafield, ambacho mwaka 1957, kikiitwa Windscale, kiliwahi kuungua. Wakauliza: mna hakika gani kwamba mionzi hii yote imetoka Chernobyl? Wakajibiwa kwa sauti ileile iliyokuwa imewaahidi wiki tatu.

Nimekawia hapa makusudi, kwa sababu mambo yako matatu yote yamo ndani ya zizi moja. Mfugaji ambaye huenda hajawahi kuvuka mpaka wa wilaya yake amefungwa kamba na kinu kilicho nchi nyingine, na hakuombwa ridhaa: huo ndio upande wa ukosmopolitani, yaani kuwa wa ulimwengu mzima na si wa mahali pamoja tu. Kinu, mashine iliyolia Forsmark, hesabu ya udongo, kipimo kilichowekwa mwilini mwa kondoo: hiyo ni teknolojia. Nani aliruhusiwa kusema "wiki tatu" akaaminiwa, na nani alisema "kondoo wangu hawali mabua" ikaonekana ni porojo za mkulima: hiyo ni diskosi. Ukiondoa moja, hadithi haisimami. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza: ni jambo moja linaloshikwa kwa mikono mitatu.

Sasa niende kwenye kila mkono, ila sitagawa muda sawasawa.

Ukosmopolitani ndio wenye historia ndefu na ndio uliochafuliwa zaidi na hotuba. Diogenes wa Sinope, karne ya 4 kabla ya Kristo, alipoulizwa atokako alijibu kwamba yeye ni raia wa ulimwengu. Vitabu vingi vinaanzia hapo kwa heshima kubwa. Mimi naona ilikuwa kejeli zaidi ya falsafa: mtu aliyefukuzwa mji wake anakwambia hahitaji mji. Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant ndiye aliyeligeuza wazo hilo kuwa suala la haki, mwaka 1795, katika andiko lake kuhusu amani ya kudumu. Alisema dunia ni duara, watu hawawezi kutawanyika bila mwisho, lazima watakutana. Kwa hiyo mgeni anayefika kwa amani ana haki ya kutotendewa kama adui. Lakini aliipima haki hiyo kwa uangalifu: ni haki ya kuzuru, haifiki kwenye haki ya kukaa. Na hapohapo aliyashutumu mataifa ya kibiashara ya Ulaya, ambayo yakizuru nchi za watu huhesabu kuzuru ni kuteka. Sisi tuna methali inayosema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kant aliishia siku ya pili. Habari ya jembe, yaani kazi, ujira na nani anamlimia nani, hakuigusa, na nusu ya mabishano ya leo kuhusu wahamiaji yako kwenye siku hiyo ya tatu.

Hao ni wanafalsafa, na wanafalsafa wanauliza tuishi vipi. Mwanasosholojia anauliza tunaishi vipi hasa, na hapo ndipo kazi unayosomeshwa inapoanzia. Wengi wanasahau kwamba neno hili lilikuwa na maisha ya unyenyekevu kabisa katika sosholojia ya Marekani. Mwaka 1949 Robert Merton alichapisha utafiti wa mji mdogo alioubatiza Rovere, wenye watu 11,000. Wahojiwa 86 waliulizwa nani wanamtegemea kwa ushauri. Majina yaliyotajwa mara nyingi yakatafutwa na wenyewe wakahojiwa. Merton akakuta wenye ushawishi wako wa aina mbili. Kuna aliyezaliwa palepale, anamjua kila mtu, habari za ulimwengu kwake ni kelele tu. Na kuna aliyehamia, anaishi Rovere lakini akili yake iko kwenye mambo ya taifa na ya nje. Wa kwanza anasikilizwa kwa sababu ya watu anaowajua, wa pili kwa sababu ya mambo anayoyajua. Huyu wa pili Merton akamwita kosmopolitani. Hapa hapana wema wala ubaya, hapana amani ya dunia. Ni namna tu ya kusoma gazeti na kupata heshima mtaani. Kila ninaposoma makala inayompamba kosmopolitani kama mtu aliyekomaa kimaadili kuliko jirani zake, namkumbuka bwana yule wa Rovere, na ninajiuliza kama mwandishi hajipigii picha mwenyewe.

Mwanasosholojia Craig Calhoun aliliweka hilo wazi mwaka 2002: ukosmopolitani mwingi unaosifiwa vyuoni ni mtazamo wa tabaka la wasafiri wa mara kwa mara. Mwenye pasipoti nzuri anapita mipakani kama upepo, kisha anadhani mipaka imekwisha. Na lugha yetu ilishaonya mapema. Sikiliza namna tunavyosema "walimwengu". Mara ngapi ni sifa? Walimwengu wana maneno, walimwengu hawana jema, usiwasikilize walimwengu. Tukitaka kusema watu wote kwa upole tunasema "binadamu", watoto wa Adamu. Ulimwengu wenyewe tunautilia shaka.

Ulrich Beck ndiye aliyeufanya mjadala huu uwe wa lazima, na kama utasoma mtu mmoja tu, msome yeye. Mjerumani huyu, aliyezaliwa 1944 na kufariki tarehe 1 Januari 2015, alitoa kitabu chake kuhusu jamii ya hatari mwaka uleule wa 1986, na dibaji aliiandika Chernobyl ikiwa bado mdomoni mwa watu. Baadaye aliwashtaki wanasosholojia wenzake kwa kosa aliloliita utaifa wa kimbinu: tunasema "jamii" huku tukimaanisha nchi, kana kwamba maisha ya watu yanaishia pale ramani inapobadilika rangi. Takwimu zetu ni za nchi, sampuli ni za nchi, hata maswali ni ya nchi. Kisha akatenganisha vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kuna ukosmopolitani kama wito, kwamba tupendane kuvuka mipaka. Na kuna hali ya kukosmopolitishwa, ambayo inampata mtu apende asipende, kama ilivyowapata wale wafugaji. Huhitaji kuupenda ulimwengu ili ulimwengu uingie kwenye zizi lako.

Ninakubaliana na Beck kwa tisini katika mia. Pale alipoandika kwamba umaskini hufuata tabaka ilhali moshi mchafu wa mjini humfikia kila mtu, nasita, na yeye mwenyewe baadaye alirudi mara nyingi kwenye suala la nani anabeba hatari za nani. Mvua ya mionzi ilinyesha juu ya wote, lakini aliyefungiwa soko ni mwenye kondoo.

Sasa diskosi. Neno hili linatisha bila sababu. Wanaisimu wengine husema "usemi", wengine "diskosi". Mimi natumia la pili ili lisichanganywe na kusema kwa kawaida. Kuna njia mbili za kuliingia na makala ulizosoma pengine zinarukaruka kati yake bila kukutahadharisha. Njia ya mwanafalsafa Mfaransa Michel Foucault, aliyoieleza kwa ufupi katika mhadhara wake wa kwanza Collège de France, tarehe 2 Desemba 1970, inauliza kanuni: katika jamii hii, nini kinaweza kusemwa, na nani, kutokea wapi, na nini kikisemwa kitahesabiwa upuuzi. Mfugaji na mabua yake wako hapo. Njia ya mwanaisimu Norman Fairclough, ambaye kitabu chake kuhusu lugha na mamlaka kilitoka 1989, inashuka hadi kwenye sarufi yenyewe: nani ni mtenda, ametajwa au amefichwa, kitenzi kimegeuzwa nomino wapi. Foucault anasomeka vizuri zaidi kitandani. Fairclough ndiye atakayekufanyia kazi mezani.

Na hapa Kiswahili kinatupa vifaa ambavyo vitabu vya Kiingereza havina. Chukua kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka. "Kondoo walioathiriwa" inaacha nafasi ya kuuliza: na nani? "Kondoo walioathirika" inaifunga nafasi hiyo. Jambo limetokea lenyewe, kama tunda kuiva. Fungua taarifa ya habari yoyote uone tunavyosema "walioathirika", "taarifa zimevuja", "mtandao umekatika". Maji huvuja. Taarifa za watu milioni kadhaa zilikuwa zimewekwa mahali na mtu, na mlango uliachwa wazi na mtu. Sisemi kila "-ika" ni njama, maana kioo huvunjika kweli. Nasema mtafiti anayezihesabu ataona zinapenda kukaa wapi.

Kifaa cha pili ni kidogo zaidi: herufi mbili, "tu". Tengeneza kichwani ujumbe wa aina ile inayotujia kwenye simu kila baada ya miezi michache: "Tumebadilisha masharti ya matumizi ili kuilinda jumuiya yetu. Ukiendelea kutumia huduma hii, utakuwa umekubali." Usome taratibu. "Tumebadilisha": hao ni nani? Kampuni. Wewe hukuwepo kwenye kikao. "Jumuiya yetu": hapa ghafla umo, tena unalindwa. "Ukiendelea": sasa uko peke yako, na usipojibu, kimya chako kimeshakuwa saini. Sentensi mbili, na umetolewa nje, ukakaribishwa ndani, kisha ukaachwa mlangoni. Hakuna uongo hata mmoja humo. Lugha yetu ina "sisi" moja tu, kwa hiyo mwandishi anaweza kutoka kwenye sisi-tusio-na-wewe kwenda kwenye sisi-pamoja-nawe bila kubadilisha herufi. Lugha nyingine haziruhusu. Kiindonesia kina "kami", sisi bila wewe, na "kita", sisi pamoja nawe. Anayeandika lazima achague. Shika hilo, nitalirudia.

Umeona sasa kwa nini mwanasosholojia wa ukosmopolitani hawezi kuliacha neno. Kila anayeongea kwa niaba ya ulimwengu, awe waziri, benki, shirika la misaada au kampuni ya mitandao, anatumia "sisi" ambayo hakuna aliyempigia kura. Facebook mwaka 2017 ilibadilisha tamko la kazi yake, likawa linazungumza kuhusu kuwapa watu uwezo wa kujenga jumuiya na kuuleta ulimwengu karibu zaidi. Si kitu kipya. Agosti 1858 waya wa kwanza wa telegrafu ulipovuka chini ya Atlantiki, Malkia Victoria alimtumia rais wa Marekani James Buchanan salamu za maneno 98, zikachukua kama saa 16 kufika. Buchanan katika jibu lake aliuita waya huo chombo kilichoandaliwa na Mungu kueneza dini, ustaarabu, uhuru na sheria ulimwenguni. Waandishi wa wakati ule waliandika kwamba chuki za mataifa sasa hazina pa kuishi. Waya ulikufa ndani ya wiki chache; uliodumu ulilazwa mwaka 1866. Na tarehe 5 Agosti 1914, siku ya kwanza ya Uingereza vitani, meli ya Kiingereza Alert ilikuwa baharini ikizikata nyaya za Wajerumani. Chombo cha kuwaunganisha walimwengu kilikuwa pia shingo ya kukabwa, na waliokimiliki walijua hivyo tangu mwanzo.

Hadithi kama hizo zina utamu, na utamu una hatari yake. Kwa miaka mingi nilifundisha ile habari ya madaraja ya Long Island, New York, ambayo Langdon Winner aliitumia katika makala yake maarufu ya 1980 kuonyesha kwamba vitu vina siasa: kwamba Robert Moses, mjenzi mkuu wa barabara za huko, aliyajenga ya chini mno ili mabasi ya maskini na weusi yasifike ufukweni. Mwaka 1999 Bernward Joerges akaonyesha jinsi ushahidi wa nia hiyo ulivyo mwembamba, na kwamba malori na mabasi yalikuwa yamekatazwa kwenye barabara zile kwa kanuni. Nilisoma nikaona haya. Tangu siku hiyo, mtu akinipa mfano wa teknolojia wenye mtu mwovu katikati yake, naomba vipimo.

Kwa hiyo wewe nakupa mfano usio na mwovu, na wenye vipimo unavyovijua. Kompyuta za mwanzo ziliandika kwa ASCII, mfumo wa 1963 wenye nafasi 128 tu za herufi na alama, uliopimwa kwenye mwili wa Kiingereza. Mwaka 1991 ukatoka Unicode, wenye nia ya kosmopolitani isiyo na mfano: kila hati ya binadamu ipate namba yake. Septemba 1992 wataalamu wa kompyuta Ken Thompson na Rob Pike, wakila katika mkahawa mmoja New Jersey, walichora kwenye karatasi ya kutandika mezani mpango wa UTF-8, wa kuzihifadhi namba hizo ndani ya kompyuta, ambao leo unabeba karibu kila ukurasa wa intaneti. Uzuri wake ni kwamba maandishi ya zamani ya ASCII yanabaki kama yalivyo, na herufi nyingine zinapokelewa kwa kuongezewa baiti, yaani vipande vya nafasi katika kompyuta.

Basi pima salamu. Neno "salamu" kwa Kiswahili lina herufi sita na lina baiti sita. Ndugu yake wa Kiarabu, salām, anaandikwa kwa herufi nne na ana baiti nane. Ndugu yao wa Kiamhari, selam, ana alama tatu tu na ana baiti tisa. Kwenye ujumbe mfupi wa simu, ambao una mfumo wake mwingine, tofauti inauma zaidi: herufi za Kirumi zinaingia 160 katika ujumbe mmoja, na ukiweka Kiarabu au Kiamhari nafasi zinashuka kuwa 70. Mwenye kulipia kila ujumbe analipia pia hati yake. Sisi hatukuwahi kuliona hilo, maana Kiswahili cha herufi za Kirumi chote kinaingia ndani ya ASCII, hata ng' na kikato chake. Tungebaki na hati ya Kiarabu, ambayo Kiswahili kiliandikwa nayo kwa karne kadhaa, tungeliona mapema sana.

Hakuna aliyekaa akasema Waamhari waandike kwa taabu. Waliotunga walitaka kisichovunja kilichopo, na kilichopo kilikuwa Kiingereza. Huo ndio muundo ninaokuomba uutafute: nyumba ya wote iliyojengwa kwa vipimo vya aliyewahi kufika. Na ukitazama meza ya Unicode yenyewe, wenye kura kamili kwa sehemu kubwa wamekuwa makampuni makubwa ya kompyuta. Hapo ndipo Foucault na Kant wanakutana na kazi yako ya zamani: nani anaruhusiwa kupendekeza herufi, kwa ushahidi gani, na mgeni anakaa siku ngapi.

Swali lako la mwisho, kama intaneti imetufanya raia wa dunia. Raia ana mahali pa kudai. Intaneti imetufanya watazamaji wa dunia, na hilo lina somo lake. Mwanasosholojia Mfaransa Luc Boltanski aliandika mwaka 1993 kuhusu tunavyotazama mateso ya watu wa mbali tusioweza kuwafikia, na mtafiti wa vyombo vya habari Lilie Chouliaraki mwaka 2006 akachambua habari za televisheni picha kwa picha, kuona nani anaonyeshwa kama mtu mwenye jina, sauti na historia, na nani anapita kama namba chini ya kioo. Waliouawa mahali fulani hupewa dakika nzima na wimbo. Wengine sentensi moja. Picha zinatufikia sote, ila zinafika zikiwa zimeshapangwa nani ni "mmoja wetu". Kwa hiyo: imetukosmopolitisha, kwa maana ya Beck. Uraia ni suala jingine, na halitatoka kwenye waya.

Kuhusu tasnifu yako, nina ombi na onyo. Onyo: usianze na sura ya kufafanua ukosmopolitani. Utazama humo miezi minne ukitoka na maana kumi na moja. Ombi: tumia ulichokuja nacho. Wewe unaweza kuandika programu, wenzako wengi hawawezi. Chukua masharti ya matumizi ya huduma moja ya mtandao iliyotafsiriwa kwa lugha nyingi. Toa kila "sisi" na "-etu" iliyomo kwenye toleo la Kiswahili, au la Kiingereza kama la Kiswahili hakuna. Kisha liweke kando ya toleo la Kiindonesia, mstari kwa mstari. Mtafsiri wa kule hakuwa na pa kujificha: kila mahali ilimbidi aamue kama msomaji yumo au hayumo. Hesabu zilipoangukia "kami" na zilipoangukia "kita", na uandike kila kitenzi kilichofuata. Ukiwa na jedwali hilo mkononi, mrudie yule mwanasosholojia wako, naamini makala zake zitasomeka.